Siku Nne Bila Kula: Utumbo Uliogoma Baada ya Kutolewa Kizazi

Alhamisi asubuhi, siku ya tatu baada ya upasuaji, mgonjwa wa kitanda cha dirishani alitapika mara mbili ndani ya saa moja. Mara ya kwanza yalitoka maji matupu, mara ya pili yakatoka ya kijani. Tumbo lilikuwa limejaa hadi plasta ya mshono imevutika pembeni. Tangu Jumapili usiku hakuwa ametia kitu kinywani, na faili lilikuwa na maelekezo yale yale tangu atoke thieta: asile wala asinywe mpaka utumbo uanze kufanya kazi.

Tumwite Mama Rehema. Si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na wagonjwa wa aina yake, na namba za vipimo nimezipanga ili kisa kieleweke, lakini kila aliyewahi kushika zamu wodi ya wanawake katika hospitali ya mkoa atakuwa amekutana naye. Kisu hulaza utumbo kwa siku moja, mbili, pengine tatu. Siku zinazozidi hapo mara nyingi tunaziongeza sisi wenyewe wodini, kwa sindano, kwa dripu na kwa katazo la kula, tena kwa nia njema kabisa. Kisa cha mama huyu kinaonyesha zinavyoongezeka.

Kabla ya kisu

Ana miaka 46, ni mama lishe, ana watoto wanne, na wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji. Faibroidi, yaani vimbe za kizazi, zilikuwa zimekuza kizazi chake hadi kufikia ukubwa wa mimba ya wiki 20. Hedhi ilitoka kwa mabonge, wingi wa damu ukashuka mpaka gramu 6.9, akaongezewa chupa mbili, ikapanda hadi 9.8. Kwenye sehemu ya magonjwa mengine faili lilisema "presha, anatumia dawa". Dawa gani, hakuna aliyeandika.

Jumapili jioni alipewa enema, yaani alioshwa utumbo kupitia njia ya haja kubwa, kwa maji ya sabuni mara mbili. Desturi hiyo bado ipo sehemu nyingi ingawa miongozo ya sasa ya upasuaji wa magonjwa ya wanawake haiipendekezi. Inamchosha mgonjwa na kumpotezea maji na madini. Saa 4 usiku akaambiwa afunge. Kesho yake akina mama wa dharura wa leba wakatangulia, kama ilivyo kawaida, na yeye akaingia thieta saa 8 mchana. Hapo ana saa 16 bila funda la maji. Kanuni inayokubalika duniani ni saa 6 kwa chakula chepesi na saa 2 kwa maji au chai ya rangi. Katazo la saa 2 lingemwezesha kunywa chai asubuhi na hata maji saa 4 asubuhi, na asingefika mezani midomo imekauka.

Alipewa nusu kaputi, chale ikawa ya wima kwa sababu ya ukubwa wa kizazi. Kovu la ule upasuaji wa uzazi lilikuwa limeshikana na kibofu na vipande vya utumbo mwembamba, na karibu saa nzima ilitumika kuvibandua kwa uangalifu. Kwa jumla alikaa mezani saa tatu kasoro, akapoteza damu inayokadiriwa kufika mililita 900. Daktari aliandika mwishoni: "Utumbo umekaguliwa wote, hakuna jeraha." Ni sentensi fupi, na wengi huiruka wakiwa na haraka ya kuandika dawa. Siku ya tatu sentensi hiyo ndiyo iliyomwokoa huyu mama asirudishwe mezani bila sababu.

Wodini alirudi na dripu lita 3 za chumvi kwa siku, petidini, dawa kali ya maumivu, miligramu 100 kila baada ya saa 6, antibayotiki, mpira wa mkojo, na lile katazo.

Kwa nini utumbo hulala

Walter Cannon na mwenzake Murphy walichunguza jambo hili mwaka 1906, wakaona kwamba utumbo ulioshikwashikwa hukawia kusukuma chakula, hata kama haukukatwa popote. Leo tunajua sababu ziko mbili na zinafuatana. Kwanza ni neva: tumbo likipasuliwa, mwili huwasha neva za hatari zinazozuia mwendo wa utumbo, na hali hiyo hudumu kwa saa chache. Kisha baada ya saa tatu au nne huanza uvimbe wa ndani kwa ndani. Chembe za kinga zilizomo kwenye msuli wa utumbo huamshwa na ule mguso wa mikono na vitambaa, zikatoa kemikali zinazolegeza msuli. Awamu hii ya pili ndiyo inayokaa siku kadhaa, na kadiri utumbo ulivyoshughulikiwa sana ndivyo inavyokuwa kali. Saa nzima ya kubandua kovu ni mguso mwingi.

Sehemu zote hazilali sawa. Utumbo mwembamba huamka ndani ya saa chache hadi siku moja. Tumbo lenyewe, yaani ule mfuko unaopokea chakula, huchukua saa 24 hadi 48. Utumbo mpana ndio mvivu wa kundi, saa 48 hadi 72. Ukizitazama namba hizo vizuri utaona kasoro ya katazo letu. Hewa inayotoka nyuma ni habari ya utumbo mpana, wakati chakula kinahitaji utumbo mwembamba, ambao ulishaamka zamani. Kumsubirisha mtu na njaa hadi atoe hewa ni kumwadhibu kwa uvivu wa kiungo kingine.

Na kile kifaa cha masikioni? Jumanne na Jumatano kiliwekwa tumboni kwa sekunde chache, ikaandikwa "sauti za utumbo hazisikiki". Sauti hizo haziaminiki. Wapo wanaonguruma wakiwa wamezibwa, na wapo walio kimya wanaotaka ugali.

Jumatano

Siku ya pili raundi ilifika kitandani kwake kama saa 3 asubuhi. Daktari bingwa, daktari wa mazoezi aliye bado mafunzoni, muuguzi mwenye mafaili, na wanafunzi kadhaa, wawili kati yao vijana wa rika la mwanawe mkubwa. Mama mkwe alikuwa ameketi miguuni pa kitanda na chupa ya uji aliyokatazwa kuifungua. "Umetoa hewa, mama?" Mama Rehema akatikisa kichwa. Bado. Daktari akaandika aendelee kufunga, aendelee na dripu, na raundi ikasonga.

Usiku wake tumbo likaanza kusokota. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa wote wa wodi. Akasikia "tumbo linanikata", akamchoma Buscopan, na saa kumi alfajiri akarudia. Nieleze kidogo hapa, kwa sababu kosa hili liko kila mahali na halionekani kama kosa. Kazi ya Buscopan ni kulegeza msuli wa utumbo kwa kuzuia ujumbe wa neva inayouambia ujikunje. Kwa mwanamke mwenye maumivu ya hedhi au mtu mwenye mchango wa tumbo ni dawa nzuri. Kwa aliyepasuliwa siku mbili zilizopita, ule msokoto ndio dalili kwamba utumbo unajaribu kuanza kazi, vipande vingine vikijikunja na vingine bado vimelala, hewa ikikwama katikati. Ukimchoma Buscopan maumivu hupungua kweli, kwa sababu umezima kilichokuwa kinaamka.

Petidini nayo haikuwa pembeni. Jamii yote ya morfini hukamata vipokezi vilivyomo kwenye ukuta wa utumbo na kuufunga mwendo. Tramadoli pia, kwa kiwango chake. Hakuna anayesema mgonjwa aumie, kwani maumivu makali nayo huwasha zile neva za hatari. Ila parasetamoli ya ratiba, kila saa 6 bila kungoja mgonjwa alie, pamoja na dawa kama diklofenaki pale figo na damu zinaporuhusu, hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na petidini ikabaki ya akiba. Kwake ilikuwa kinyume: petidini kwa ratiba, parasetamoli haikuandikwa kabisa.

Halafu chumvi. Lita moja ya dripu ya chumvi ya 0.9% ina gramu 9 za chumvi. Lita 3 ni gramu 27 kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5. Mwili uliotoka kupasuliwa hung'ang'ania chumvi na maji, na sehemu ya maji hayo huingia kwenye ukuta wa utumbo, ukalowa kama chapati iliyosahaulika kwenye mchuzi. Dileep Lobo na wenzake wa Nottingham, Uingereza, waliliweka jambo hili kwenye mizani mwaka 2002 kwa wagonjwa 20 waliokatwa utumbo mpana: waliopewa maji na chumvi kwa kipimo walitoa hewa mapema na kwenda nyumbani mapema kuliko waliomiminiwa lita 3 kwa mazoea. Wagonjwa 20 ni wachache, lakini aliyewahi kubonyeza mguu wa mgonjwa siku ya tatu akaacha shimo la kidole hahitaji kushawishiwa sana.

Umelala au umezibwa?

Turudi Alhamisi. Matapishi ya kijani na tumbo lililojaa havina tafsiri moja, na hapa ndipo pa kutulia, maana kuna majibu matatu yanayohitaji kurudi thieta na moja lisilohitaji.

La kwanza ni utumbo uliozibwa au kujisokota, pengine kwenye kovu lile lile. La pili ni utumbo uliotobolewa bila kuonekana, hasa kwa mgonjwa ambaye kovu lake limebanduliwa. La tatu husahaulika: mrija wa mkojo au kibofu kujeruhiwa, mkojo ukavujia tumboni na kuulaza utumbo wote. Jibu la nne ni utumbo uliolala tu, nalo halikubaliwi mpaka yale matatu yamehojiwa.

Vipimo vya kitandani vilikuwa hivi: mapigo ya moyo 104, joto 37.4, presha 138 kwa 86, anapumua mara 20. Tumbo limejaa lakini laini, linauma pembeni mwa mshono na si penginepo. Ukibonyeza na kuachia hashtuki. Mkojo kwenye mfuko ni wa kutosha na hauna damu. Maumivu hayakuwa ya kupanda na kushuka kwa mawimbi makali kama ya utumbo uliozibwa. Mapigo ndiyo yaliyowakosesha amani. Mgonjwa ambaye moyo wake unapanda kila zamu, 96, 104, 112, 120, huku anasema hajisikii vizuri bila kueleza wapi, huyo aogopwe hata kama tumbo lake ni laini. Kwa hiyo ilipangwa mapigo yapimwe kila saa mbili, na ikaandikwa wazi kwamba yakivuka 120, au joto likifika 38.5, au tumbo likikaza, daktari wa upasuaji aitwe saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kilichosaidia zaidi lakini hakikutoka kwenye kipimo. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, binti mdogo kwa umri, alivuta pazia na kumwomba mama mkwe akachukue maji ya kunawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tuko wawili tu. Tangu utoke thieta, hewa haijatoka hata kidogo?"

Mama Rehema akatazama pazia kwanza. "Ilitoka. Jana alfajiri, mara mbili. Sasa ningesemaje mbele ya mkwe na wale vijana?"

Kwa hiyo raundi ya Jumatano ilifanya uamuzi kwa habari ya uongo iliyosababishwa na raundi yenyewe. Hewa iliyotoka kisha ikakoma haiondoi hofu ya kuzibwa moja kwa moja, ila inapunguza. Na kama lile katazo lingekuwa halitegemei swali hilo, aibu yake isingemgharimu kitu.

Binti huyo huyo aliuliza swali la pili: dawa ya presha ni ipi? Jibu lilikuwa kwenye pochi, ndani ya kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne pamoja na risiti za mchele. Bendrofluazaidi, tangu miaka miwili iliyopita. Dawa ya presha inayokojoza, ambayo pamoja na maji na chumvi huondoa madini ya potasiamu na magnesiamu.

Damu ikapelekwa maabara. Kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa ya kawaida, jambo lililopunguza hofu ya mkojo kuvujia tumboni. Chembe nyeupe za damu 11.2, si ajabu siku ya tatu. Damu gramu 9.1. Potasiamu 2.7, wakati chini kabisa inayokubalika ni 3.5.

Eksirei ya kusimama ilionyesha hewa kwenye utumbo mwembamba na mpana hadi njia ya haja kubwa, bila mahali inapokatika ghafla. Ilionyesha pia ukingo mwembamba wa hewa chini ya kiwambo cha kupumulia, na daktari wa mazoezi akashtuka akidhani utumbo umetoboka. Kwa mtu ambaye hajapasuliwa, hewa hiyo ni kengele ya hatari. Kwa aliyefunguliwa tumbo Jumatatu ni ile iliyoingia thieta, na huweza kukaa wiki nzima. Hapo ndipo ile sentensi ya daktari wa upasuaji ilipopata thamani, "umekaguliwa wote, hakuna jeraha", pamoja na tumbo laini na joto lililotulia. Utrasaundi haikuona maji ya maana tumboni wala usaha juu ya mshono wa ndani.

Picha ikakamilika. Msuli wa utumbo hauwezi kujikunja bila potasiamu ya kutosha. Vidonge vya presha viliipunguza kwa miaka miwili, enema mbili zikachota, siku nne bila chakula hazikurudisha chochote, na lita 9 za dripu ya chumvi hazikuwa na hata chembe ya potasiamu ndani yake. Mtu mzima huhitaji takriban milimoli 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Matapishi yakamalizia.

Kilichofanyika

Jambo la kwanza lilikuwa kufuta. Buscopan ilifutwa kwa kalamu nyekundu, petidini ikafutwa, na dripu ya lita 3 ikapunguzwa kufuata mahitaji halisi na kile kinachotoka. Parasetamoli gramu 1 ikapangwa kila saa 6 kwa dripu, na kwa kuwa kreatinini ilikuwa nzuri na hakuna damu iliyokuwa ikivuja, diklofenaki kwa siku mbili tu.

Mpira wa puani uliwekwa. Mpira huu hauwekwi kwa kila aliyepasuliwa. Kuuweka kwa kinga huchelewesha utumbo na kuleta shida za kifua. Kwa anayetapika kijani na tumbo limejaa una kazi, nao ulitoa mililita 800 papo hapo. Uso wa mgonjwa ulibadilika kabla hata dawa hazijaanza.

Potasiamu ilipewa baada ya kuhakikisha mkojo unatoka: milimoli 20 ndani ya nusu lita, kwa muda usiopungua saa mbili, kisha tena, damu ikipimwa katikati. Wasio wa fani wasome hili kama maelezo tu. Potasiamu ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo, na chupa ya dripu isiyopinduliwapinduliwa vizuri baada ya kuchanganywa huacha potasiamu yote chini, ikaingia yote mwanzoni. Magnesiamu haikupimika, lakini kwa mtu wa vidonge vya kukojoza ni karibu hakika iko chini pia, na bila yenyewe figo huendelea kumwaga potasiamu unayoongeza. Hospitali yoyote yenye leba ina magnesiamu salfeti kabatini kwa ajili ya kifafa cha mimba. Alipewa gramu 2 polepole kwenye dripu. Zaidi ya hapo si vizuri, kwani magnesiamu ikizidi kwenye damu nayo hulegeza misuli.

Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, iliombwa na mtu mmoja, ikakataliwa. Kwa kuamsha utumbo baada ya upasuaji haijathibitika, na kama kuna mahali pamezibwa ni hatari.

Mpira wa mkojo ukatolewa, maana ulikuwa umekaa siku mbili zaidi ya ulivyohitajika na ndio uliomfunga kitandani. Jioni aliketi kwenye kiti, kisha akatembea hadi mlangoni akiwa ameshika tumbo kwa mto. Kutembea peke yake hakuamshi utumbo kwa kiasi tunachowaambia wagonjwa. Ushahidi wake ni dhaifu. Lakini kunazuia damu kuganda miguuni na mapafu kujaa, kwa hiyo sababu ya kumtoa kitandani ipo tele.

Ijumaa asubuhi potasiamu ilifika 3.3 na mpira wa puani ulikuwa umetoa kidogo sana usiku kucha. Saa 6 mchana ukatolewa. Akapewa maji kwa mafunda, baada ya saa moja chai ya rangi, na bigijii ya kutafuna mara tatu kwa siku. Wanafunzi walicheka kuhusu bigijii. Kutafuna huufanya ubongo upeleke kwa utumbo ujumbe ule ule wa mtu anayekula, kupitia neva ya vagasi, bila chakula kushuka. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 81 na kukuta hewa hutoka mapema kwa takriban saa 10. Nyingi ya tafiti hizo hazikuwa za ubora wa juu, ila ni nani atakayeogopa madhara ya bigijii? Kahawa nayo ilijaribiwa Uturuki kwa wanawake waliotolewa kizazi kwa sababu ya saratani, matokeo yakachapishwa 2017: vikombe vitatu kwa siku viliharakisha hewa na choo. Mama Rehema hanywi kahawa, hakulazimishwa.

Saa 12 jioni mama mkwe aliuliza tena kuhusu uji, safari hii kwa ukali wa mtu aliyevumilia vya kutosha, ingawa mwenyewe alikuwa na hofu: kwao inaaminika chakula kikipita mapema kitafumua nyuzi. Muuguzi alimweleza kwamba nyuzi za kizazi na za ngozi ziko njia nyingine kabisa na ya chakula, na kwamba kinachofumua mshono ni kutapika na kukohoa kwa nguvu kuliko uji. Akasikiliza, akamimina nusu kikombe. Mgonjwa alikunywa taratibu na hakutapika. Kabla ya saa 3 usiku hewa ilitoka, na safari hii aliitangaza mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa na chupa nyingine pia, ya mafuta ya nyonyo, aliyopewa na jirani. Ikarudishwa mfukoni. Kusukuma utumbo kwa nguvu kabla hujajua kama umezibwa ni kamari. Dawa laini ya choo, wakati huo hofu ya kuzibwa ikiwa imeondoka, ni jambo jingine: Jumamosi aliwekewa bisakodili ya njia ya haja kubwa, na mchana akapata choo. Utafiti wa Denmark wa 2007 kwa wanawake waliotolewa kizazi ulionyesha dawa ya choo iliyoanza mapema ilitangulisha choo cha kwanza kwa takriban siku nzima, kwa hiyo kwa mgonjwa wa kawaida haina haja ya kungoja mpaka Jumamosi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili

Jumatano iliyofuata kulikuwa na mwanamke mwingine kwenye orodha, faibroidi pia, na wodi ilikubali kujaribu njia tofauti. Njia yenyewe si ngeni. Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji, aliijenga Copenhagen miaka ya 1990, na leo inajulikana kwa kifupi cha Kiingereza ERAS, yaani kuharakisha kupona baada ya upasuaji. Miongozo yake ya upasuaji wa saratani za wanawake ilitoka 2016 na kuboreshwa 2019. Inataka mgonjwa aanze kula ndani ya saa 24. Mapitio ya Cochrane ya 2014, yaliyohusu hasa upasuaji mkubwa wa tumbo wa magonjwa ya wanawake, hayakuona kula mapema kukiongeza kutapika wala utumbo kulala.

Huyu wa pili hakupigwa enema. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari alfajiri. Alipewa ganzi ya mgongo, bupivakaini, dawa ya ganzi, ikachomwa pembezoni mwa chale kabla ya kushona, na deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu. Potasiamu yake ilijulikana siku mbili kabla. Usiku ule ule alikunywa chai, dripu ikatolewa asubuhi, mpira wa mkojo vilevile, na mchana wa siku ya kwanza alikula wali na mchuzi wa samaki ulioletwa na dada yake. Alitapika mara moja. Hilo halikumrudisha kwenye katazo. Alipumzika saa mbili akajaribu tena. Kovu la zamani hakuwa nalo, kwa hiyo si haki kumlinganisha moja kwa moja na Mama Rehema, na sitafanya hivyo.

Kilichokuwa kigumu kubadilisha hakikuwa dawa. Bigijii inauzwa getini na parasetamoli ipo. Kigumu ni ule mstari wa "asile chochote mpaka", ambao huandikwa na mtu mmoja saa 10 jioni na hakuna anayejisikia na mamlaka ya kuufuta. Wodi hiyo iliamua mstari huo usiandikwe bila tarehe na saa ya mwisho, na muuguzi aruhusiwe kuanzisha maji na chai kama mgonjwa hatapiki na tumbo halijajaa.

Kuruhusiwa

Mama Rehema alitoka Jumatatu, siku ya saba. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hukausha choo, kwa hiyo aliambiwa ameze kimoja kwa siku, anywe maji, ale mapapai na mboga za majani, na akikaa siku tatu bila choo atumie laktulosi, dawa laini ya choo aliyopewa, badala ya kukenya. Alielezwa mbele ya mama mkwe, safari hii kwa makusudi, mambo ya kumrudisha hospitali bila kungoja tarehe: matapishi ya kijani, tumbo kujaa na hewa kukoma, homa, mkojo kuvuja ukeni, mguu mmoja kuvimba. Kliniki ya presha ilimbadilishia dawa kuwa amlodipini, ambayo haikojozi. Wiki mbili baadaye potasiamu yake ilikuwa 4.1, na alikuwa ameshaanza kupika, ingawa kubeba masufuria alikatazwa hadi wiki ya sita.